Kete Nyeusi za Mama Makochi

Chumba cha mbele cha nyumba ile kiligawanyika bila ukuta. Upande wa mlango palijaa makochi, mengine yamevuliwa kitambaa yakabaki mbao na springi, mengine yamelazwa ubavu yakingoja sponji mpya. Upande wa dirisha palikuwa na meza moja ndogo yenye taa ya shingo ndefu, na juu yake saa za watu zilizofunguliwa matumbo. Mwenye makochi alikuwa mke, mwenye saa alikuwa mume. Mtaani waliitwa Mama Makochi na Fundi Saa, na majirani walipenda kutania kwamba katika nyumba ile mwanamke ndiye anayeshika nyundo na mwanamume ndiye anayeshika kibano.

Wenyewe hawakukasirika. Walikuwa wamezoeana kiasi kwamba mmoja aliweza kupiga misumari siku nzima na mwingine akaendelea kusikiliza mlio wa saa ndogo ya mkononi, asipotewe na pigo hata moja.

Fundi Saa alimfundisha mkewe sataranji mwaka wa kwanza wa ndoa yao, na tuseme ukweli, hakumfundisha kwa wema. Alikuwa amejifunza mchezo huo chuo cha ufundi, ana ubao wake mzuri wa mbao, na hana wa kumfunga. Akamkalisha mkewe chini, akamwonyesha farasi anavyoruka, askofu anavyokata kona, ngome inavyokwenda moja kwa moja, na askari wadogo wa mbele wanavyosonga hatua kwa hatua bila ruhusa ya kurudi nyuma. Kisha akajichukulia kete nyeupe. Katika sataranji mweupe ndiye anayeanza, na anayeanza huwa na nafuu kidogo.

"Mbona nyeupe unachukua wewe kila siku?" mkewe alimuuliza baada ya majuma kadhaa.

"Aliyekuja na ubao ndiye anayeanza."

Mama Makochi hakubishana. Alikuwa mtu wa kuchagua ugomvi wake, na huo aliuona haufai hata jasho. Akazoea kukaa nyuma ya kete nyeusi kama mtu anavyozoea upande wake wa kitanda.

Alifungwa sana miaka hiyo. Mumewe alianza kwa namna moja tu: askari wa mbele ya mfalme, hatua mbili. Naye, kwa kuwa ndivyo alivyoonyeshwa, alijibu kwa askari kama huyohuyo, wakasimama wawili wakitazamana katikati ya ubao kama majirani walionuniana. Kuanzia hapo kila kitu kilikwenda atakavyo Fundi Saa.

Mchana mmoja Mama Makochi, mdomo wake umejaa misumari midogo kama kawaida yake akiwa kazini, alisogea mezani kwa mumewe kucheza hatua yake. Badala ya kumtoa askari wa mfalme, alimtoa yule wa pembeni, wa mbele ya askofu aliye upande wa malkia. Hatua mbili.

Fundi Saa akatoa kioo chake cha kukuzia jichoni. "Hiyo ni nini sasa?"

Mama Makochi akatema misumari kiganjani. "Sitaki kubanana na wewe katikati. Napitia ubavuni."

"Ubavuni kuna nini?"

"Tutajua."

Siku hiyo alifungwa vilevile, lakini alifungwa kwa shida. Mume alitoa jasho. Mama Makochi aliliona lile jasho, akarudi kwenye kochi lake akitabasamu huku akivuta kitambaa, na tangu siku hiyo hakujibu tena kwa njia nyingine. Watoto walizaliwa, wakakua, wakatoka nyumbani kwenda kutafuta maisha yao. Ubavuni alikuwa amekujua kila kichochoro. Alijua wakati wa kumtuliza askofu wake kona ya mbali ili autazame ubao wote kwa mshazari, na alijua farasi wa mumewe yupi ndiye nguzo inayoshikilia nyumba nzima. Polepole akaanza kushinda. Mara moja moja kwanza, kisha mara kwa mara, hadi ikafika mahali Fundi Saa akishinda anaimba jikoni.

Jambo hilo halikujulikana nje ya chumba. Fundi Saa alikuwa mwanachama wa klabu ya sataranji ya mji, tena mmoja wa wachezaji wanne wa timu, na kule hakuwahi kutamka kwamba nyumbani anapigwa. Alichofanya ni kumjaribia mkewe mbinu zake mpya, na zile zilizonusurika akaenda nazo klabuni kuwapigia wenzake.

Siri ilitoka kwa sababu ya saa ya mfamasia. Mfamasia huyo ndiye aliyekuwa nahodha wa timu, mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusafisha miwani kila akifikiri. Alipita kuchukua saa yake akawakuta mume na mke wamejiinamia mezani. Alisimama mpaka Fundi Saa alipomlaza mfalme wake ubaoni, maana yake ameshindwa.

"Shemeji," nahodha akasema, "hebu cheza na mimi."

"Nina kochi la watu linaningoja."

"Moja tu."

Akacheza naye mara moja, akamfunga. Nahodha akaomba ya pili, wakatoka sare. Akasafisha miwani muda mrefu.

"Huu ufunguzi wako nani alikufundisha?"

"Nilichoka tu kubanwa."

"Una jina huu. Unaitwa Sisilia. Watu wameuandikia vitabu, rafu nzima."

"Kumbe," alisema Mama Makochi. "Chai yako niweke sukari?"

Nahodha aliondoka akaisahau saa aliyoifuata. Kesho yake alirudi kuichukua, akazungumza habari za hali ya hewa, habari za bei ya dawa, habari za magoti yake, na kila alipotaka kusema lililomleta alimtazama Fundi Saa akameza mate. Timu ilikuwa na viti vinne, na cha nne alikikalia Fundi Saa. Mwisho akaaga bila kulisema.

Lakini Fundi Saa hakuwa mjinga. Siku mbili tatu alikaa kwenye meza yake akifungua na kufunga saa ambayo mkewe alijua fika kwamba haikuwa na ubovu wowote. Hakuimba, hakutania. Mama Makochi alimwacha. Alimjua: mumewe akipata neno zito hulizungusha kwanza ndani, kama anavyozungusha gurudumu dogo la saa aone linakwamia wapi.

Wakiwa wanakula chakula cha mchana, akaweka kijiko chini.

"Kile kiti cha timu. Kichukue wewe."

"Na wewe ukae wapi?"

"Mimi natengeneza saa zao za mchezo. Hawawezi kunifukuza."

Mama Makochi akamtazama vizuri usoni. "Baba Watoto, kama unanipa kwa kunionea huruma, baki nacho."

"Huruma ipi? Nakupa kwa sababu unanifunga. Nimelificha jambo hili miaka nenda rudi, na sasa limenichosha. Nimekalia kiti kile tangu nywele zangu zikiwa nyeusi na hatujawahi hata kunusa fainali. Nenda ukawaonyeshe."

Mama Makochi alinyanyuka akaenda kumwongezea mboga, kwa sababu hakutaka amwone macho yake.

Basi akaingia klabuni. Wapo waliomkaribisha, na wapo waliomwuliza kama amekuja kupima viti vya ukumbi. Aliwajibu kwamba viti vyao kweli vinahitaji sponji, lakini leo amekuja kwa kazi nyingine. Mchezo wake wa kwanza alishindwa, na hakushindwa kwa ubao. Alisahau kubonyeza ile saa ya mezani kila alipomaliza hatua yake, muda wake ukayoyoma huku yeye akidhani unaotumika ni wa mwenzake. Nyumbani hawakuwahi kucheza na saa, ndani ya nyumba ya fundi saa. Mumewe alipolitambua hilo alijishika kichwa, kisha akaleta saa moja mbovu ya klabu, akaitengeneza, wakafanya mazoezi nayo mpaka mkono wa Mama Makochi ukawa unabonyeza hata kikombe cha chai baada ya kunywa.

Shida yake ya pili ilikuwa kete nyeupe. Akipewa nyeupe alihisi kama amevaa viatu vya mtu mwingine. Alizimudu kwa sare na kwa kujikongoja. Lakini akipewa nyeusi, na mpinzani akaanza na askari wa mfalme, wenzake walikuwa wakisogeza viti vyao wakatazame. Msimu mzima hakuna aliyemfunga mezani akiwa na nyeusi, ukiacha ile siku ya saa. Na timu, kwa mara ya kwanza tangu ianzishwe, ikaingia fainali.

Wapinzani wao walikuwa mabingwa, timu ya wafanyakazi wa reli. Fainali ilichezwa asubuhi ya Jumamosi katika ukumbi wa maktaba, madirisha wazi, feni zikizunguka taratibu darini, watazamaji wamesimama nyuma ya kamba. Kura zilipopigwa, nahodha alikuja na uso wa msiba.

"Pole, shemeji. Nyeusi umeipata. Lakini utacheza na Dereva."

"Pole ya nini?" alisema Mama Makochi, akaketi.

Dereva alikuwa mstaafu aliyeendesha treni ujana wake wote, na alicheza kama alivyoendesha: akishaanza mwendo huwezi kusimama mbele yake. Nyumba nyingi za wafalme alikuwa amezivunja kwa kuwapeleka askari wake wa pembeni mbio mpaka mlangoni. Nje ya ubao alikuwa mtu wa adabu sana. Alimnyooshea mkono mpinzani wake.

"Karibu, dada. Nimesikia habari zako."

"Asante, mzee. Na mimi nimesikia zako."

Dereva akasukuma askari wa mfalme, hatua mbili. Mama Makochi akatoa wa ubavuni, hatua mbili, akabonyeza saa. Nyuma ya kamba Fundi Saa akashusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu stendi ya basi.

Hatua za mwanzo zilikwenda haraka. Askari wa katikati wakalana, farasi wakatoka, Mama Makochi akamweka askofu wake kwenye ile kona ya mbali anayoipenda na kumficha mfalme wake nyuma yake. Dereva alimficha wa kwake upande wa pili. Hapo kila mchezaji alijua ni mbio: wewe unavunja huku, mimi navunja kule, atakayechelewa ameumia. Askari wa Dereva wakaanza kushuka ukingoni, mmoja baada ya mwingine. Njia ya ukingo ikafunguka, na ndani yake ikaonekana ngome nyeupe imekodoa macho kuelekea kwa mfalme mweusi, malkia akijiandaa kuifuata.

Meza nyingine zilimalizika. Klabu ilikuwa imeshinda moja, imepoteza moja, na moja imetoka sare. Ukumbi mzima ukahamia meza ya nne.

Dereva alicheza hatua yake, akainua macho. "Nakupa sare, dada. Unasemaje?"

Sare ingemaanisha kombe lishikwe na timu zote mbili. Kwa klabu ambayo kabati lake lilikuwa na vumbi tu, nusu ya kombe ilikuwa sherehe. Sheria iliruhusu nahodha kushauri, na nahodha aliinama karibu na bega lake, miwani mkononi.

"Kubali, shemeji. Nusu yatutosha."

"Ni amri?"

"Ni ushauri. Anayecheza ni wewe."

Mama Makochi aligeuza shingo kumtafuta mumewe. Fundi Saa alikuwa amesimama nyuma kabisa, ameinua kichwa anaangalia feni, kwa makusudi, ili asije akasemwa kwamba anampa mkewe ishara. Alijua mkewe anaangalia nini pale ubaoni. Alijua kwa sababu yeye mwenyewe alikwisha kupigwa nacho, na mara ya kwanza alipopigwa alicheka akidhani mkewe amekosea.

Palikuwa na farasi mweupe amekaa mbele ya mfalme wake, ndiye nguzo ya nyumba. Ngome ya Mama Makochi ilimtazama kwa njia iliyo wazi. Ngome ni kete kubwa kuliko farasi, hakuna mwenye akili anayeibadilisha hivihivi. Na huyu hakuwa mumewe, wa kupaparika akiona moshi. Huyu alikuwa Dereva. Mama Makochi alitazama ubao hadi akaona, si kila hatua, lakini akaona kwamba nguzo ile ikitoka, paa halitabaki.

Akaiacha sare. Alinyanyua ngome yake, akamla farasi, akamweka kando taratibu, akabonyeza saa.

Mtu mmoja nyuma ya kamba akasema "Ah, mama" kwa masikitiko. Nahodha akavaa miwani, akaivua tena. Dereva hakutikisika. Aliila ngome ile kwa askari wa pembeni ya mfalme wake, kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanya, na mbele ya mfalme wake pakabaki pengo. Malkia mweusi akaruka mpaka ukingo wa pili, akakaa akilitazama lile pengo.

Dereva akaongeza mwendo. Malkia wake akatua kwenye njia ya ukingo, nyuma ya ngome, na hata asiyejua mchezo aliona kwamba pigo linakuja. Mama Makochi alikaa akifikiri huku dakika zake zikipungua. Mikono yake, iliyojaa makovu madogo ya sindano na misumari, ilitulia mapajani. Kisha akamchukua farasi wake aliyekuwa akimlinda mfalme, akamsogeza pembeni kabisa mwa ubao, katikati ya ile njia. Akaiziba, kama mtu anavyofunga mlango kwa kusukumizia kochi.

Dereva aliutazama ubao kwa muda mrefu. Ili apite ilimpasa avunje ule mlango kwa ngome, na hesabu yake haikukubali. Akajaribu kuzunguka. Hatua hiyo moja ya kuzunguka ndiyo aliyoihitaji Mama Makochi. Malkia wake akala askari karibu na mfalme, farasi wake wa pili akaruka hadi mlangoni, ngome iliyobaki ikashuka kwenye njia ya wazi, na yule askofu wa kona ya mbali, aliyekaa kimya asubuhi yote, sasa akawa anamtazama mfalme mweupe moja kwa moja. Mfalme akatoka kukimbia. Alikimbilia katikati, ambako hakuna nyumba.

Dereva hakusubiri kufukuzwa hadi mwisho. Alitabasamu kidogo, akamlaza mfalme wake, akasimama, akatoa mkono.

"Hongera, dada. Umeshinda kihalali kabisa."

Makofi yalianza kwa waliokuwa mbele yakaenda mpaka nje, kwa waliokosa nafasi ya kuingia. Nahodha alitaka kusema neno, akaishia kumshika shemeji yake mabega na kumtikisa kama mti wa matunda. Mama Makochi mwenyewe alibaki ameketi. Alikuwa anautazama ubao, kila kete mahali pake, na moyoni akajisemea wazi bila kuona haya: hii ni kazi yangu, na ni nzuri. Alijiruhusu kulifikiri mara mbili.

"Nani alikufundisha?" Dereva aliuliza.

"Yule pale, anayejifanya anaangalia feni."

Dereva akavuka kamba, akaenda kumshika Fundi Saa mkono. "Mzee mwenzangu, umetufundishia hatari."

"Mimi sikumfundisha hayo," alisema Fundi Saa, na alisema kwa sauti, ili wanaklabu wote waliokuwa wakimjua tangu zamani wasikie. "Mimi ndiye niliyejifunza kwake. Kwa njia ileile aliyokupiga wewe leo, mimi nimepigwa nayo nyumbani mara nyingi kuliko nywele nilizobaki nazo. Huyu ni mke wangu, na ananishinda."

Watu walicheka, naye akacheka, lakini macho yalikuwa yamemlowa. Mama Makochi alisikia kila neno. Kati ya yote ya siku ile, kombe, makofi na picha waliyopigwa kwenye ngazi za maktaba, hilo ndilo alilokwenda nalo nyumbani kifuani.

Jumatatu asubuhi alikuwa chini sakafuni, anavisha mkono wa kochi kitambaa cha kijani, alipoingia mwenye kochi, mwalimu wa shule ya jirani, na mkoba wake begani.

"Mama, si uliniahidi Jumamosi?"

Siku nyingine Mama Makochi angeomba radhi, angesingizia umeme au muuza sponji. Safari hii alikaa vizuri, akatema misumari.

"Jumamosi nilikuwa kwenye fainali ya sataranji ya mji mzima. Nilicheza na bingwa, nikiwa na nyeusi. Nikamshinda. Kochi lako utalipata kesho."

Mwalimu alimtazama, akatazama kombe lililowekwa juu ya rafu kati ya mafungu ya vitambaa, maana klabu ilikuwa imekubali likae pale wiki ya kwanza. Akashusha mkoba, akakalia ule upande wa kochi uliokwisha kuvishwa.

"Nihadithie," akasema.

Mama Makochi akaweka nyundo chini akaanza, na hakuharakisha.